Chombo Kilichopita Mikono

Sheria zetu za barabarani huijumuisha pikipiki pamoja na gari na lori katika jina moja: chombo cha moto. Ni jina la ofisini, lakini ni jina zuri, kwani watu wa visiwani tulikuwa na vyombo kabla ya kuwa na barabara. Jahazi ni chombo, mashua ni chombo, bakuli la kulia ni chombo, na patasi ya seremala ni chombo. Vyote hivyo vinafungwa na sharti moja: hakuna kinachojitunza chenyewe. Jahazi lisipopandishwa pwani wakati wa bamvua, likakwanguliwa, likatiwa kalafati na kupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, mdudu wa baharini hulila mbao zake hata kama halikuwahi kukutana na dhoruba. Mabaharia niliokulia miongoni mwao, walipokwenda kutazama jahazi kuukuu linalouzwa, hawakuanza kwa kuuliza umri wake. Waliuliza: lilikuwa mkononi mwa nani?

Swali hilo ndilo nililokwenda nalo mwaka 2017 kutazama pikipiki iliyokuwa ikiuzwa hapa Unguja, BMW R 1100 RS ya mwaka 1996. Ilikuwa na umri wa miaka 21, na kipimo chake cha masafa kilisoma kilomita 71,000 na ushei. Leo imevuka 98,000. Makala haya ni habari ya kilomita zilizo baina ya tarakimu hizo mbili, na ya yale niliyofunzwa na chuma kuhusu kazi yangu ya kalamu, kazi ambayo nayo sikufunzwa na skuli yoyote.

Kwa msomaji asiyezijua pikipiki za namna hii, nianze na ukoo wake. Pikipiki ya mbio humlaza mpandaji kifudifudi juu ya tangi, na baada ya saa moja viganja na kiuno humlilia. Pikipiki kubwa ya safari humkalisha kama aliye barazani, lakini kwenye kona huwa nzito kama ng'ombe anayevutwa kwenda asikotaka. Baina yao ipo aina ya tatu, iliyokusudiwa mtu anayetaka kwenda mbali kwa siku moja na bado azifurahie kona zilizo njiani. Mwaka 1976 kampuni ya BMW ilitoa R 100 RS, pikipiki iliyovikwa koti kamili la plastiki ambalo umbo lake lilitafutwa ndani ya handaki la upepo huko Italia, ili hewa impite mpandaji badala ya kumpiga kifuani. Wajapani nao walileta vyombo vyao, Kawasaki kwa GTR 1000 mwaka 1986 na Honda kwa ST 1100 mwaka 1990. Yangu ni mjukuu wa ile ya 1976, na aina yake ilianza kuuzwa mwaka 1993. Herufi zake mbili za mwisho zilinishughulisha kama mfasiri. Zamani, katika pikipiki za mashindano, RS ilikuwa Rennsport, yaani spoti ya mbio. Katika ukoo huu husomwa Reisesport, spoti ya safari. Herufi ni zile zile, maana imehama, na hakuna aliyelazimika kubadilisha hata wino.

Injini yake ni ya mtindo ambao Max Friz aliichorea kampuni hiyo katika pikipiki yake ya kwanza, R 32 ya mwaka 1923: silinda mbili zilizolala, moja ikitokeza kulia na moja kushoto, na shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma badala ya cheni. Mtindo huo huitwa boxer, kwa kuwa pistoni zake mbili huendeana na kuachana kama ngumi za bondia anayezigonganisha kabla ya pambano. Huku kwetu jina hilo limeshatwaliwa. Boxer ni pikipiki ya Bajaj kutoka India, inayobeba abiria, magunia ya mkaa na madoo ya samaki. Vijana wa kijiweni waliposikia kwamba na hii yangu ni Boxer, waliizunguka, wakazitazama silinda zilizotokeza kama masikio, na mmoja akaniambia kwa heshima zote, "Maalim, Boxer hii imevimba."

Aliyekuwa akiiuza ni mzee niliyemwita Ami, kama walivyomwita watu wote wa mtaa wake. Alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kusomea ufundi Ujerumani ya Mashariki katika miaka ya baada ya Mapinduzi. Zanzibar iliitambua dola ile mwaka 1964, mapema kuliko karibu nchi zote zilizokuwa nje ya kambi ya kikomunisti, na majumba ya Kikwajuni na Michenzani ni ushahidi wa urafiki huo uliosimama hadi leo. Ami alibakia Berlin ya Mashariki, akapata kazi, akawa anapanda MZ, pikipiki inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, iliyotengenezwa Zschopau. Pikipiki za BMW zilikuwa zikitengenezwa Spandau tangu mwaka 1969, upande wa pili wa mji ule ule. "Baina yangu na kiwanda kile ni mwendo wa treni ya mjini, mwanangu," aliniambia. "Lakini palikuwa na Ukuta." Ukuta ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Hakuinunua siku ya pili wala mwaka wa pili, kwani fedha ya fundi haiendi mbio hivyo. Aliinunua ikiwa imeshatumika, akaipanda mpaka alipostaafu, na mwaka 2011 akaipakia katika kontena pamoja na cherehani na majiko akarudi nayo nyumbani. Miaka sita baadaye magoti yake yalikataa. Chombo chenye uzito wa kilo 239 kikiwa na mafuta hakimwonei haya mtu mzima. Kikishaanza kuinama, kinakwenda chini.

Hakuitangaza popote. Alikuwa akiwauliza watu watulivu nani anaitaka, akikhofia isije ikaangukia kwa mtu wa kuikata vipande na kuuza kimoja kimoja.

Nilimuomba jambo moja kwa simu: asiiwashe kabla sijafika. Injini baridi haijui kudanganya. Iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huwaka kwa mguso mmoja, na moshi wake wa mwanzo unakuwa umeshapotea hewani. Nilifika baada ya sala ya Alfajiri, nikaweka kiganja juu ya kila silinda, nikazikuta baridi kama mtungi. Ilipowaka ilitoa moshi wa buluu, na jirani aliyekuja kutazama akatikisa kichwa. Lakini pikipiki ile ilikuwa imelala juu ya stendi ya pembeni, inayoiinamisha kushoto, na injini ya namna hii ikilala hivyo usiku kucha oili kidogo hupenya hadi ndani ya silinda ya kushoto. Moshi ule ukiisha haraka ni tabia, na usipoisha ni maradhi. Tulisimama kimya watu watatu tukiutazama. Uliisha.

Nikalishika gurudumu la nyuma juu na chini, nikalitikisa, nikisikiliza kwa mikono. Beringi kubwa ya gia ya nyuma inajulikana kuchoka katika ukoo huu, na ikichoka gurudumu hucheza. Halikucheza. Nikamuomba ruhusa tufungue nati ya kumwagia oili ya gia hiyo, ambayo ncha yake ina sumaku. Juu ya sumaku palikuwa na unga laini wa kijivu, mfano wa wanja. Unga ni haki ya gia, maana vyuma vinavyosuguana kwa miaka lazima viachiane kitu. Habari mbaya ni vipande vinavyokwaruza ukivipekecha baina ya vidole. Nikakichungulia kidirisha cha oili kilicho ubavuni mwa injini nione kama mna weupe wa maziwa, dalili ya unyevu. Oili ilikuwa ya rangi ya asali.

Kisha nikainama kusoma tairi. Zilikuwa nyeusi, zenye meno ya kutosha, nzuri kwa macho. Lakini kila tairi ina maandishi ubavuni, na mwisho wa mstari unaoanza kwa herufi DOT mna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Nilisoma 1409, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi zile zilikuwa na miaka minane, na mpira huzeeka hata ukikaa kivulini. Hukauka, hukakamaa, na juu ya lami iliyorowa huteleza kama sabuni. Meno ya tairi hueleza limetembea kiasi gani. Umri wake yanauficha. Nilipoinua kichwa, Ami alikuwa akinitazama. "Hizo ni za kuisimamishia tu," alisema. "Usiende nazo hata Bububu." Hapo ndipo nilipoacha kuichunguza pikipiki nikaanza kumsikiliza mwenyewe.

Alitoa daftari chini ya kiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hapa kila habari ilikuwapo: tarehe, kilomita, oili, plagi, breki, betri, kwa mwandiko mdogo ulionyooka wa mtu aliyefunzwa kuchora mashine. Kurasa za mwanzo ni za Kijerumani kitupu. Katikati lugha mbili zinaanza kukaa katika mstari mmoja. Baada ya 2011 Kiswahili kimetawala, na Kijerumani kimebaki mahali pale tu ambapo mzee hakuwa na jina jingine la kukiita kitu. Mstari mmoja ulinisimamisha: "Sauti kushoto. Si valvu. Ngoja." Kurasa mbili mbele, baada ya miezi minne, ameandika: "Sauti imejulikana. Bolti ya ekzozi." Hakufungua injini kwa khofu, wala hakuipuuza sauti. Aliiandika, akaishi nayo, mpaka ilipojitaja yenyewe. Mfasiri mwenye subira hiyo mbele ya neno asilolijua, na akaliacha limkae kichwani miezi minne kabla ya kulitia kisu, simjui, na ningependa kuwa yeye.

Fedha niliyotoa ilikuwa malipo ya kutafsiri kitabu kizima cha ufugaji wa kuku, nayo ilikuwa imeshawekewa kazi. Ilikuwa ya mabati ya chumba cha nyuma, kinachovuja kila masika. Mwenzangu hakupandisha sauti. Aliniuliza swali la mhasibu: "Pikipiki ndogo inafika Makunduchi. Hii itafika wapi zaidi ya Makunduchi?" Ni swali la haki, kwani Unguja kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 85 hivi. Nilimwambia itafika Tanga na Mombasa, ambako mara mbili tatu kwa mwaka huitwa kwa kazi ya ukalimani na kwa vikao vya washairi. Akafikiri, akaweka masharti mawili. La kwanza, fedha itakayofuata ni ya mabati, bila mjadala. La pili, chombo kisitoke nje ya mtaa mpaka kila kinachohusu kusimama kiwe kimefanywa upya. "Cha kukuendesha kinaweza kungoja," alisema. "Cha kukusimamisha hakingoji."

Kwa hiyo nilianza na breki. Maji ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo tabia yake, na hewa ya kisiwani haina uhaba wa unyevu. Maji ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili joto la nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanywa unyevu, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 155. Breki ikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto kali, na maji yaliyolowa hutoa mapovu ya mvuke. Maji hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Mpandaji atauvuta mkono wa breki ukaja hadi kwenye usukani, na chombo kitaendelea na safari yake kama kwamba hakuulizwa. Hakuna kelele inayotangulia wala taa inayowaka. Ndiyo maana maji haya huhesabiwa kwa muda, wala kilomita hazitazamwi. Yaliyotoka katika pikipiki ile yalikuwa na rangi ya chai kavu, na yaliyoingia yalikuwa na umanjano hafifu wa mafuta ya kupikia. Mipira ya breki, iliyokuwa na miaka 21 kama chombo chenyewe, niliibadilisha kwa mipya iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, ikaletwa na jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya. Tairi mbili zilikuja kwa meli kutoka Dar es Salaam, na tarakimu zake nilizisoma bandarini kabla ya kutia saini. Kazi hiyo ilikula karibu nusu ya bei ya pikipiki kabla sijakwenda nayo popote. Anayetafuta chombo cha namna hii lazima aijue hesabu hiyo mapema. Bei anayotaja muuzaji ni ya mlangoni. Ya ndani huandikwa na mnunuzi mwenyewe, taratibu, kwa muda wa mwaka mzima.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kupima valvu. Huja kila baada ya kilomita 10,000, na injini lazima iwe baridi. Kwa kuwa silinda zimetokeza pembeni, mtu huweka kigoda, akakaa kitako, akafungua kifuniko, na moyo wa chombo ukawa usoni pake bila kuvua tangi wala koti. Baina ya valvu na kidole cha chuma kinachoisukuma lazima pabaki mwanya. Valvu za kuingiza hewa hupewa milimita 0.15, na za kutolea moshi hupewa 0.30, kwa sababu hizi za pili hukaa katika moto mkali zaidi na hurefuka zaidi. Mwanya hupimwa kwa vibamba vya chuma vyenye unene unaojulikana. Kibamba kinachotakiwa hupita kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Mwanya ukizidi, valvu hugonga na kulia. Ukikosekana, valvu haifungi sawasawa, moto hupita ukingoni, na huungua kimya kimya. Fundi ninayeshirikiana naye, kijana ambaye gereji yake ni kivuli cha mkungu, ana kauli yake: valvu inayolalamika kidogo ni nzima, iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuiogopa.

Kijana huyo alinikuta siku moja nikiandika utaratibu wa matengenezo kwa Kiswahili, kwa sababu kitabu nilichonacho ni cha Kiingereza na yeye Kiingereza hakikumkalia vizuri. Nilikuwa nimeandika "uwazi wa valvu". Akasoma, akacheka. "Maalim, uwazi ni wa mlango." Nikafuta nikaandika "nafasi". Akasema nafasi ni ya kukaa kwenye daladala. Nikamuuliza wao husemaje. Akajibu: "Sisi tunasema valvu ipewe pumzi." Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa zaidi ya miaka 25, nikipekua kamusi mpaka zikaachia jalada, na neno nililolihitaji lilikuwa limekaa chini ya mkungu na mikono yenye grisi. Pumzi ina maana mbili kwa pamoja: hewa na mapumziko. Valvu iliyonyimwa pumzi inakosa zote mbili. Niliandika pumzi, na tangu siku hiyo kila istilahi hupita kwake kabla ya kukubaliwa. Spana inayokaza kwa kiasi kilichopangwa ameipa jina la spana ya kiasi. Mengine amekataa kuyatafsiri. Klachi ni klachi, alisema, kwani nani asiyeijua?

Kuna kazi ya pili inayofuata ile ya valvu, nayo ni kuzilinganisha pumzi za silinda mbili. Kila silinda ina koo lake la kuvutia hewa, na makoo hayo hufunguliwa kwa waya. Koo moja likifunguka unywele mmoja kabla ya jenzake, injini hutetemeka na kushituka-shituka katika mwendo wa polepole, jambo ambalo injini za ukoo huu zinajulikana nalo. Zipo geji za kununua. Mimi hutumia mpira mwembamba unaoonesha ndani, ule ule ambao waashi wetu huutia maji kupimia usawa wa ukuta. Nimeufunga juu ya ubao kwa umbo la kitanzi kirefu, nikatia oili kidogo tumboni mwake, na kila ncha huichomeka kwenye koo moja. Injini inapounguruma, oili hupanda upande unaovuta kwa nguvu zaidi. Nazungusha skrubu ya waya kwa robo ya robo, nangoja, natazama, mpaka oili isimame sawa pande zote mbili. Hapo mtetemo huondoka mikononi, na sauti mbili zinakuwa moja.

Mtunzi wa mashairi anayeifanya kazi hiyo hawezi kuukwepa mfano. Mshororo wetu wa kimapokeo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja na mizani yake nane. Ukwapi ukipungukiwa na mizani moja, mtu asiyejua lolote la arudhi atasikia kwamba kuna kitu kimechechemea, hata kama hataweza kukitaja. Nilijifunza mizani kwa kugonga vidole juu ya meza, bila mwalimu, nikihesabu tungo za wazee mpaka zikaingia mwilini. Nilipokaa mbele ya ubao ule na mpira wenye oili nilijikuta nikifanya kazi ile ile kwa njia nyingine: kusikia kilichopunguka, kukiongeza kidogo, na kunyamaza ili nisikie tena.

Kisiwa kina maadui wawili wa chombo kama hiki. Wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huingia katika viungo vya waya na kuvivisha ukungu wa kijani, na hitilafu nyingi za umeme ambazo watu huzitafutia kifaa kipya huisha kwa kukifungua kiungo, kukisugua, kukipaka grisi ya kuzuia maji na kukirudisha. Kila mwisho wa kaskazi hufungua viungo vyote ninavyoweza kuvifikia. Adui wa pili ni ufupi wa njia. Injini inapowaka hutoa unyevu ndani yake, na unyevu huo huondoka tu oili ikipata joto kamili kwa muda wa kutosha. Mtu anayeipanda kilomita tano hadi sokoni na kuizima huuacha ndani, siku baada ya siku, mpaka oili igeuke maziwa. Betri nayo hutoa kila asubuhi nguvu ambayo haikurudishiwa jana. Chombo cha masafa huuawa na safari fupi. Kwa hiyo kwenda mbali, ambako majirani hukuhesabu kuwa anasa yangu, kumo katika orodha ya matengenezo pamoja na oili na plagi, na mwenzangu, baada ya kuelezwa habari ya maziwa, amekuwa yeye wa kuniuliza mbona sijasafiri.

Njia yangu ya kawaida huvuka kwa meli ya magari hadi Dar es Salaam, kisha Chalinze, Segera, Muheza na Tanga, mwendo wa kilomita 350 hivi. Hutoka alfajiri ili nitangulie malori. Katika vijiji alama za kilomita 50 kwa saa na matuta humlazimisha mtu kuwatazama wanaouza machungwa; baina ya vijiji njia hufunguka, na hapo hufahamika Wajerumani walikuwa wakitafuta nini ndani ya handaki lile la upepo. Hewa hupita juu ya mabega. Katika mwendo wa 90 mtu anaweza kufikiri, na beti kadhaa za mashairi yangu ya miaka hii zimetungwa baina ya Chalinze na Segera, zikashikwa kwa vina mpaka mahali pa kusimama na kuandika.

Kila niliporudi nilipita barazani kwa Ami. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu Tanga wala mimi: "Imekunywa oili kiasi gani?" Nilimtajia, akatikisa kichwa kwa kuridhika au akakunja uso, kisha ndipo akaagiza kahawa. Alifariki mwaka 2021. Katika daftari, siku hiyo niliandika kilomita za chombo na jina lake, na chini yake "Inna lillahi", na mstari uliofuata ni wa plagi mbili mpya. Niliona ndivyo ambavyo angelitaka.

Karatasi ya matengenezo niliyoiandika pamoja na fundi sasa imetundikwa kwenye ule mkungu ndani ya mfuko wa plastiki. Pikipiki za pale ni ndogo, na kipimo cha valvu zao ni kingine, lakini mstari wa tairi unahusu kila gurudumu. Nilimwonesha kijana wa bodaboda namna ya kusoma zile tarakimu nne, akazunguka pikipiki yake, akasoma kwa sauti: 0711. Tairi hilo alikuwa amelinunua kwa bei ya jipya miezi miwili nyuma, limepakwa dawa likang'aa, na hesabu yake ni wiki ya 7 ya mwaka 2011. Alinyamaza kidogo. Kisha akawaita wenzake, na jioni hiyo watu saba walipiga magoti mchangani wakisoma mbavu za tairi zao, wakisaidiana kwa mwanga wa simu. Wawili walibadilisha tairi wiki ile ile. Sijaandika shairi lililowahi kusomwa kwa makini namna ile, na watu waliokuwa na haja nalo namna ile.

Anayeniuliza kama anunue chombo kuukuu kama hiki humjibu kwa maswali. Una mahali pa kukiweka pasipofikiwa na mvua wala umande wa bahari? Una mtu anayesafiri wa kukuletea spea ambazo hapa hazipo? Unaweza kungoja wiki sita kwa ajili ya beringi moja bila ya kumchukia yeyote? Na unaweza kuandika, kila mara, ulichokifanya na ulichokisikia, hata kama hukukielewa? Anayesema ndiyo mara nne namwambia anunue, na aanze na breki.

Daftari la kwanza lilijaa mwaka 2019. La pili ni la Kiswahili kitupu, na mwandiko wa fundi unaonekana humo mara nyingi kuliko wangu. Magoti yangu bado yananitii. Siku yatakapokataa nitauliza watu watulivu nani anaitaka, na atakayekuja alfajiri ataikuta injini baridi. Bei tutazungumza. Madaftari hayauzwi mbali na chombo.